Makofi ya Mzee Ruhoya

Kama umekuja kucheka, nenda zako mapema. Haya yamenitokea mimi, kwa macho yangu haya, hapa hapa Kasulu na kule Kibondo, tena mchana kweupe. Nani aliwadanganya kwamba wafu hutembea usiku tu? Na mniwie radhi nikipandisha sauti, maana hasira yangu haijaisha.

Nina kibanda karibu na stendi. Napiga picha za harusi na kipaimara, na nahamisha kanda za zamani kuziweka kwenye flashi. Mwaka jana akaja Mzee Lazaro, mtu mwenye nyumba za wageni na sauti ya kuamrisha, akaniletea kanda ya video iliyoota ukungu. Ilikuwa ya bendi yao ya ujana, Vilima Jazi. Walikuwa wamevunjika kwa ugomvi, wakakaa miaka bila kusalimiana, kisha wakarudiana kwa onyesho moja tu katika ukumbi mmoja wa Kibondo. Lazaro ndiye aliyekuwa mwimbaji. Alitaka kanda isafishwe, aionyeshe watu upya.

Habari ikamfikia Ester, anayeuza mitumba kule Makere. Baba yake, Mzee Ruhoya, ndiye aliyepiga gitaa la solo na kutunga nyimbo zile, jambo ambalo kila mtu wa umri wake analijua. Alifariki muda mfupi baada ya onyesho, Ester akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Nyumba yao iliungua, haikubaki picha hata moja. Akanipigia simu akilia: "Kaka, sijawahi kumuona baba yangu. Nionyeshe uso wake tu, mara moja, inatosha." Nikamwambia aje Jumamosi.

Sasa nisikilize vizuri. Ijumaa asubuhi nilikuwa nafuta kanda taratibu kwa pamba na spiriti, nje ukungu umeshika huwezi kuona ng'ambo ya barabara. Nilipoijaribu kwenye mashine, sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa pale pa mpiga solo. Mwili unaonekana, usoni michirizi mitupu. Nikainua macho, nikamkuta mzee amesimama mbele ya meza yangu. Koti la kahawia, vifungo vitatu vyeusi na kimoja chekundu. Akainama, akakutanisha viganja, akanisalimu kwa makofi kama tunavyosalimiana sisi Waha.

Asiye wa kwetu aelewe kwanza. Muha hakupungii mkono akapita. Anainama, anapiga makofi polepole, nawe unamjibu kwa makofi, mnaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Salamu ile haikataliwi. Hata mliogombana mnajibizana, kisha mnaendelea na ugomvi wenu.

Basi mzee yule alipiga makofi, na viganja vyake havikutoa sauti. Niamini. Niliviona vikigongana, lakini kibandani kulikuwa kimya. Nikadhani masikio yangu yameziba kwa baridi. Nikaweka pamba chini, nikamjibu, na makofi yangu mimi nikayasikia vizuri.

"Mwakeye, mwana wanje," akaniamkia kwa Kiha, yaani umeamkaje, mwanangu. "Binti yangu keshaniona?"

"Binti yako nani, mzee?"

Akaitazama ile kanda mezani pangu. "Safisha hapo," akasema. "Safisha, asije akapita njiani asinijue."

Nikageuka kuwasha mashine. Nilipotazama tena hayupo. Nikamuuliza mama muuza uji, ambaye hukaa mlangoni pangu kabisa hata nikitaka kutoka lazima nimruke: mzee aliyetoka hapa ameelekea wapi? Akanishangaa. "Mzee yupi? Tangu ufungue hajaingia mtu humo."

Nikairudisha kanda kwenye mashine. Ile michirizi ilikuwa imeondoka. Mpiga solo aliweka gitaa chini, akausogelea ukingo wa jukwaa, akainama, akausalimu ukumbi kwa makofi. Safari hii yalisikika. Koti la kahawia, kifungo kimoja chekundu. Nilikaa chini sakafuni, sioni aibu kusema.

Na kabla Jumamosi haijafika, nani aliingia? Lazaro. Alipoona uso wa Ruhoya umeng'aa, badala ya kumlilia mwenzake akafura.

"Huyo mtoe."

"Nimtoe vipi, mzee? Ndiye anayepiga."

"Nyimbo ni zangu. Watu wataanza maswali. Mfunike, na hayo makofi yake yakate."

Nikakataa. Nikamwambia mtoto wa Ruhoya anakuja kesho, hana picha nyingine duniani. Unajua alijibu nini? "Aliyekufa haangaliwi." Mtu aliyekula naye sahani moja! Akasema kanda ni mali yake, na kweli ilikuwa yake. Akasimama nyuma ya kiti changu na vijana wake wawili mpaka nikafuta kila kitu kwenye kompyuta, akabeba kanda na flashi akaenda kwa fundi mwingine Kibondo. Jumamosi Ester alifika na kitenge kipya, amejipamba kama anakwenda kupokea mgeni. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna kitu. Hasira yangu ilianzia hapo.

Siku Lazaro alipoionyesha ile kanda, nikapanda na Ester basi hadi Kibondo. Ilikuwa alasiri, ukumbi ule ule, umejaa wazee na wajukuu zao. Lazaro kavaa suti, kakaa mbele. Picha ikaanza, na pale pa mpiga solo pamebandikwa nini? Picha ya Lazaro mwenyewe, ya sasa, na suti yake! Gitaa linalia, anayelipiga ni bango. Ester akanishika mkono. "Yuko nyuma ya hilo?" Nikamwitikia kwa kichwa.

Ikafika pale pa salamu. Sauti ilikuwa imekatwa, ukumbi ukawa kimya. Kisha tukasikia makofi. Polepole, ya viganja vya mtu mzima, yakitoka kwenye lile bango. Fundi akachomoa waya wa spika. Makofi yakaendelea.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapiga magoti, akaitikia. Akafuata jirani yake. Mara ukumbi mzima umeinama unajibu, vijana kwa wazee, hata wafanyabiashara Wakongo waliokaa nyuma. Mtu mmoja tu hakujibu. Lazaro alisimama, mikono mifukoni, anafoka: "Nyamazeni! Hakuna anayewasalimu!"

Bango likaanza kuondoka, kama tope linavyooshwa na mvua. Ruhoya akatokea, ameinama, anatazama upande wetu, upande aliokaa Ester. Haki ya Mungu, anatazama pale pale. Ester akaenda mpaka mbele, machozi yanamtoka, akagusa sikio lake, akasema kwa sauti ndogo, "Masikio yake ni haya yangu." Akapiga magoti, akamwitikia baba yake. Hapo ndipo yule mzee alipookota gitaa lake.

Fundi wa Kibondo alimpa Ester ile flashi bila kuombwa. Kila nakala aliyokuwa nayo Lazaro, bango limetoka. Ester ameweka uso ule kwenye simu, na kila asubuhi kabla ya kufungua mitumba anausalimu.

Na Lazaro? Tangu siku ile viganja vyake havilii. Kanisani wote tunapiga makofi, ya kwake hayasikiki. Akienda msibani akasalimu kwa desturi, watu hawamsikii, wanampita. Mwezi uliopita alikuja kibandani kwangu amekonda, ameleta video ya harusi ya mwanawe. "Mwanangu," akanibembeleza, "niwekee sauti ya makofi pale ninapowapokea wakwe." Nilijaribu, nisiwe kama yeye. Kila nikiweka, inafutika yenyewe.

Nilimwambia aende Munanila, kwenye kaburi la Ruhoya, akajibu ile salamu. Akasema hawezi kumwinamia mtu aliyekufa. Basi akae hivyo hivyo!

Nawe unayesoma, una simu, na najua siku hizi kumtoa mtu kwenye picha ni kugusa kidole tu. Umegombana naye, umemwacha, unataka alichofanya kiwe chako. Kabla hujamfuta, piga makofi kwanza, usikilize kama bado yanalia.