Risasi ya Kumi ya Valerian

Nikiwaambia vijana wa leo kwamba Lindi ilikuwa na klabu ya shabaha, wanacheka. Kwao bunduki ni ya askari au ya jambazi. Basi wacheke. Klabu ilikuwapo, nyuma ya shamba la mkonge, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tulilala kifudifudi juu ya magunia tukilenga karatasi zilizosimamishwa mita mia mbili mbele yetu. Bunduki zilitunzwa kituo cha polisi. Tulizichukua kwa saini, tukazirudisha kwa saini. Mshindi alipewa mkono na makofi, akaenda zake nyumbani.

Aliyetushinda wote alikuwa Valerian Mchopa. Alishuka kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde akiwa kijana, akakata mkonge miaka sita, akamwoa Justa wa Kitomanga na kubaki huko akilima ufuta. Asubuhi ya mashindano hakunywa chai. Alisema chai inatikisa kidole. Mkewe alimtania, "Kwa hiyo siku nyingine zote za mwezi kidole hakina kazi?"

Chini ya karatasi za shabaha kulikuwa na handaki. Wewe ukipiga, mpinzani wako ndiye aliyekaa humo, salama chini ya ukuta wa udongo. Baada ya kila risasi alitazama tundu, akainua kibao kuonyesha pointi, kisha akaliziba kwa karatasi na uji mzito wa muhogo. Risasi ikikosa, alipunga bendera nyekundu. Na neno la handaki halikupingwa. Mwaka 1983 Romana, mwalimu wa shule ya msingi, alipiga kelele kwamba bendera ilimdhulumu. Tukamfungia miezi mitatu. Valerian ndiye aliyetoa hoja. Alisema, "Tukianza kukagua handaki, kesho tutakaguana mifuko."

Zikaja enzi za ruksa. Chama cha ushirika kikalala, na wanunuzi binafsi wa korosho wakaota kama uyoga. Mmoja wao, Benedikto, akajiunga nasi. Kupiga alijua, simnyimi haki yake. Lakini alikuja na makasha ya risasi na fulana zenye jina la kampuni yake kifuani, na wazee wenye mvi wakazivaa, wakageuka mabango yanayotembea. Mwenyekiti wetu, Ismaili, alianza kumwita "mdhamini" kama mtu anayemwita sharifu.

Mwaka 1994 tuliletewa nafasi moja ya mashindano ya kanda, Mtwara. Valerian alikuwa na miaka hamsini na minne, na jicho la kulia lilikwisha kuanza kuingia ukungu. Aliniambia, "Katibu, hii ndiyo ya mwisho. Nikienda Mtwara nitarudi niiweke bunduki chini kwa amani." Wakabaki wawili tu, yeye na Benedikto. Risasi kumi kila mmoja, pointi tano kwa kila risasi ya katikati.

Valerian akalala kwenye gunia. Ismaili akamwita Benedikto ashuke handakini.

"Mimi? Na suruali hii?" Benedikto akacheka. "Dereva wangu atashuka."

"Dereva si mwanachama," akasema Romana.

"Mwalimu, wewe handaki lilishakufunza adabu," Ismaili akamjibu. "Kanuni tumetunga sisi, tunaweza kuilegeza sisi. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka. Wangu pia uliinuka. Valerian hakugeuza hata shingo. "Handaki ni handaki," alisema. "Ashuke nani, ashuke tu." Dereva akashuka.

Risasi tisa, pointi arobaini na tano. Sikupata kuona tena upigaji wa namna hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuandika, mimi niliyejifundisha herufi mwenyewe bila kukaa darasani, nami ndiye niliyekuwa na darubini ya klabu. Risasi ya kumi ilipolia, niliona kwa jicho langu tundu likifunguka ndani ya duara la katikati. Bendera nyekundu ikapungwa.

Watu wakaguna. Ismaili akanitazama. Benedikto naye akanitazama, mikono mfukoni. Valerian pekee hakumtazama mtu. Nikaandika sufuri.

Ikawa zamu ya Benedikto, na Valerian akashuka handakini na kikopo chake cha uji wa muhogo. Baada ya risasi tisa Benedikto alikuwa na arobaini na mbili. Akipata tatu watalingana. Akipata nne amemshinda. Akapiga. Kwenye darubini niliona tundu juu ya mstari wenyewe kati ya tatu na nne, na kanuni yetu ilisema mstari ukiguswa mpigaji anapewa pointi ya juu. Nikaomba moyoni, "Sema tatu, Valerian. Mungu atakusamehe." Kibao kikainuka: nne.

Benedikto alipigwa picha na bunduki. Picha ikatundikwa kwenye ghala lake la korosho huko Mtama. Mtwara hakwenda! Wiki moja kabla alituma ujumbe kwamba ana shughuli Dar es Salaam, tumpeleke yeyote. Yeyote! Nafasi aliyomnyang'anya mzee wa watu aliitupa kama ganda la korosho.

Kamati ikanituma Kitomanga. Nilimkuta Valerian akipiga miganda ya ufuta juu ya turubai.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Benedikto amejitoa."

"Alinishinda kwa pointi moja. Mimi niende kwa matokeo gani?"

"Hakukushinda! Risasi yako ya kumi ilikuwa katikati. Niliiona kwenye darubini."

Akaacha kupiga. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukaandika nini, Katibu?"

Daftari alikwisha kulisoma siku ile ile. Akamwita Justa aniletee maji ya kunywa, kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akaendelea na ufuta wake. Nilikunywa maji nimesimama.

Lindi haikupeleka mtu Mtwara mwaka ule. Nimeendelea kuwalaani Benedikto na Ismaili hadi leo, na wanastahili. Lakini sufuri ile waliyoitaka niliiandika mimi, kwa mkono uliojifundisha kuandika bila mwalimu.