Pua ya Shangazi Luseane

Kule Vava'u, visiwani Tonga, ukoo mzima ulijua kwamba vanila haifungwi sandukuni mpaka Luseane ainuse. Ukungu hunuka kabla haujaonekana, na ganda moja bovu huharibu mengine yote. Isitoshe, Luseane ni dada wa marehemu baba wa vijana wanaoilima. Kwa Watonga neno la shangazi halina mjadala. Akisema safi, ni safi.

Sasa hebu fikiria, pua yenyewe imekufa.

Ilianza kwa mafua yasiyoisha. Mashavu yakamuuma, akiinama kichwa kinakuwa kizito kama gunia la viazi vikuu. Akameza vidonge, akapata nafuu, akaviachia njiani, ugonjwa ukarudi. Akanunua matone ya dukani. Yalifungua pua kwa muda, kisha ikaziba kuliko mwanzo, naye akazidi kuyatia. Kalolaine, muuguzi wa zahanati, hakumung'unya maneno.

"Mama, njia za kutolea kamasi zimevimba, na ndani vimeota vinyama. Hayo matone acha, ndiyo yanayokuziba. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na hii dawa ya kupuliza utumie kila siku, wiki nyingi. Isipokubali, uende Nuku'alofa kwa daktari wa pua."

Alipuliza siku chache, hakuona kitu, akaitupia kabatini. Na kwenda kwa daktari ni kutangaza kwamba hanusi. Thubutu.

Basi wakati wa kufunga mavuno akashika ganda baada ya ganda, akavuta hewa kwa madaha, asisikie chochote. "Safi. Hili nalo safi." Semisi, mtoto wa kaka yake, akayapanga sandukuni kimya. Semisi huyohuyo asiyekaa bila utani.

Siku mnunuzi alipokuja, sanduku lilifunguliwa likiwa limetanda ukungu mweupe. Jasho la mwaka mzima. Mnunuzi akaondoka mikono mitupu.

"Semisi, siku ile ulisikia harufu?"

"Sikusikia, shangazi."

"Usinidanganye."

Akatazama chini. "Nilisikia. Ila wewe ulisema safi."

Luseane alitamani atukanwe. Semisi akaenda kulitupa sanduku, kisha akarudi na fungu dogo lililosalia juani, akaketi chini mbele yake, akamwekea mapajani kwa adabu zote.

"Nusa, shangazi. Tukusikilize wewe."

Luseane akaliinua, akavuta hewa mpaka kifua kikamuuma.

"Sijui," alisema, neno ambalo Semisi hakuwahi kulisikia kinywani mwake.