Baraka Iliyokosa Nakala

Brigita wa redio yetu hapa Karatu hagusi kitu bila nakala. Funguo za nyumba anazo tatu, na hata makande haongezi chumvi kabla ya kutenga bakuli pembeni, yakiharibika apate pa kuanzia. Kazini ndiyo balaa. Tunarekodi kwa kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya nyingine, na humo ameweka kiprogramu kinachoziamuru programu zote zitulie, zisiandike chochote, mpaka picha ya hali nzima ipigwe. Mashine ikiugua, tunairudisha kwenye picha. Ubaya wake ni mmoja tu: ukiipiga katikati ya kurekodi, maneno ya sekunde kadhaa hupotea.

Siku shangazi yake, Sabina, alipomleta Mzee Yohani kurekodi slufay, ile dua ndefu ya baraka ya Wairaqw, sote tulijua kinachokuja. Sabina alikuwa amemwagiza mzee amwombee Brigita mume, na kipindi kingesikika mpaka Mbulu. Brigita alikasirika sana, lakini shangazi hagombwi.

"Babu atasema yake, mama," Sabina alimwambia. "Wewe kaa na mashine zako."

Mzee akaombea mvua, akaombea ng'ombe, wazee wenzake aliokuja nao wakiitikia. Kisha akageukia kioo cha chumba cha mitambo. "Na huyu Brigita..."

Brigita akabonyeza kitufe cha kupiga picha, ombi la mume lisirekodiwe. Programu zikatulia. Mzee, asijue lolote, akaendelea: "...akitaka kuolewa aolewe, asipotaka asisumbuliwe. Alipo pawe nyumbani kwake."

Wakaitikia wote, Sabina akiwemo, maana baraka haikataliwi.

Brigita akalia palepale. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsemea hivyo mbele za watu. Akafungua rekodi, akakuta kimya. Akarudisha picha: mvua ipo, ng'ombe wapo, yeye hayupo.

"Babu, nakuomba urudie kidogo tu."

"Baraka si mazoezi, mjukuu wangu. Imeshatoka," mzee akasema, akachukua fimbo yake.

Kipindi kikarushwa na kimya chake. Mimi nilikuwepo na nimesema niliyoyasikia, lakini nani amsikilize mtangazaji mbele ya shangazi mtu? Sokoni watu humsimamisha Sabina wakimuuliza mzee alisema nini pale kuhusu Brigita.

"Alimwombea mume," hujibu. "Nasi wote tukaitikia."