Kereng'ende wa Malapa

Juzi mpwa wangu alirudi kutoka Kasesya na kereng'ende wa dukani, chambo cha kuvulia samaki, amefungwa kwenye nailoni kama peremende. Nilimgeuza mara moja, nikamrudishia. Uzi umekazwa mpaka sponji imekatika kiuno, mabawa yote yameelekea upande mmoja. Aliyetengeneza kitu kile hajawahi kumtazama kereng'ende hata siku moja. Wewe unanijua, sidharau kazi ya mtu bila sababu, basi ngoja nikueleze sisi tulivyofanya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi, bado mtoto, na bibi yangu aliyenilea tulihamishiwa kwenye kijiji chenye lambo, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kasense. Padri mmoja alikuwa amemwaga humo samaki wa kigeni tuliowaita besi. Besi alikataa minyoo, alikataa ugali. Alichotaka ni mdudu anayeelea. Nyumba nyingine zilikula maharage. Yetu, kila Jumamosi, ilinukia samaki aliyeungwa kwa karanga, na bibi alinyonya kichwa mpaka mifupa ikang'aa.

Kereng'ende wangu nilimtengeneza kwa lapa bovu, ndala ya sponji. Nilikata ukanda wa sponji wenye unene wa kijiti cha kiberiti, nikaulaza juu ya mgongo wa ndoana, nikaufunga kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia la mbolea. Mizunguko mitatu, bila kukaza, maana ukikaza unaitoa hewa, na hewa ndiyo inayoelea. Mabawa yalikuwa nywele za mkia wa ng'ombe. Sponji juu, chuma chini: hivyo tu ndivyo anavyotulia juu ya maji.

Harufu ilimfikia mwenyekiti wa kijiji. Mgeni kutoka wilayani alikuwa anakuja na ilibidi alishwe samaki, kwa hiyo ikaamuliwa kereng'ende watengenezwe na kijiji kizima. Kila nyumba ilitoa lapa moja, na wiki ile watu wazima wenye akili zao walitembea mguu mmoja peku.

"Mradi ukifaulu, kila mtu ruhusa kuvua," mwenyekiti alisema mkutanoni. "Ukishindwa, lambo linafungwa. Nisimwone mtu na ndoana."

Nyumba kumi za kwanza zilikata sponji, kumi za pili zikachambua mkia, kumi za tatu zikapewa kufunga. Hapo likazuka swali: sponji ikae juu ya ndoana au chini yake? Bwana samaki, afisa wa uvuvi mwenye cheti na viatu viwili, alisema chini, maana mzigo hubebwa kutoka chini. Mwenyekiti akaitisha kura.

Nilinyoosha mkono.

"Watoto hawapigi kura, binti."

"Shikamoo mwenyekiti. Sipigi kura. Naomba tumjaribu mmoja kwenye karai la maji."

"Karai la nini? Wataalamu wameshasema."

"Mwacheni huyo, kazoea kula peke yake!" mama mmoja akadakia. Watu wakacheka, na mikono ikainuka. Chini ikashinda.

Siku ya mgeni, kereng'ende arobaini walitupwa majini. Wote arobaini walipinduka, ndoana zikatazama mbinguni kama waumini wanaoomba mvua. Besi walipanda, wakawasukuma kwa pua, wakaenda zao. Umati mzima ulisimama ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyeinama kumwokota mmoja amgeuze.

"Samaki wenyewe mabepari hawa," mwenyekiti akatangaza. Mgeni alicheka, akala kuku. Lambo likafungwa jioni ile ile.

Nilipomweleza bibi, hakuinua macho kwenye ungo. "Kumbe siku hizi hata maji yanapigiwa kura," alisema, akaendelea kuchambua maharage. Hayo ndiyo tuliyokula Jumamosi ile, na Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake.

Wapiga kura wale nimewazika karibu wote. Kwenye kila kaburi alisimama mtu akaisifu busara ya marehemu, nami nikatupia udongo wangu kama wengine. Bibi alizikwa bila hotuba. Lambo lilijaa udongo, hakuna aliyelizibua, na vijana wanaolima mahindi pale hawaamini kwamba chini ya majembe yao paliwahi kuwa na samaki. Siwabishii.