Ndui ya Gramu

Mdogo wangu ni fundi mizani, na mjini wanamwita Gramu. Ukimpelekea mizani ya duka inayodanganya, ataifungua, ataipangusa, ataweka mawe yake ya kupimia moja baada ya jingine, na haitoki mezani kwake mpaka isome sawasawa. Mwenye duka akimwambia, "Fundi, si iko karibu tu?" yeye hujibu, "Karibu anaambiwa mgeni. Hapa tunapima." Ndiyo maana hana marafiki wengi wenye maduka.

Huyo ndiye ndugu niliyepewa. Hata ukimuuliza ameamkaje, anafikiri kwanza.

Mkewe aliondoka miaka miwili iliyopita kwenda kutunza wazee nchi ya mbali, akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mtoto alizaliwa hukohuko, wa kike. Sasa anatembea, na simu yoyote ikiita humo ndani, hata ya jirani, anasema, "Baba!" Anadhani baba ni simu. Gramu aliponisimulia hayo alicheka, kisha akaingia chumbani na hakutoka kwa muda mrefu.

Karatasi za kumfuata mkewe zilimla mwaka mzima na zaidi. Ukabaki usaili wa ubalozini, Jumatano ya wiki iliyofuata, na kabla ya usaili, kupimwa afya na kukamilisha chanjo. Siku hiyo lazima uwe na bahasha ya daktari mkononi, imefungwa na kupigwa mhuri. Huna, unarudishwa nyuma ya foleni, na foleni ni ya miezi minane.

Habari za usaili, bila hiyo ya foleni, Mama alizipokea vizuri. Alisema, "Haya, heri," akaendelea kuosha vikombe alivyokwisha kuviosha. Mama anaishi na Gramu. Mimi naishi mtaa wa pili, nina duka la mapazia, na kila siku napita kumjulia hali, lakini kwake mimi ni kama ukuta wa nyumba: nipo. Alifagia zahanati miaka kumi na minane, mpaka magoti yakamgomea. Ndiyo maana kwake kila kitu kinachemshwa, hata taulo lisilo na kosa.

Jumatatu nilifunga duka nikamsindikiza Gramu kwenye kliniki. Kushika bisibisi siku nzima anaweza, lakini akiona sindano miguu inamwisha nguvu, na mimi sikutaka aokotwe na watu baki.

Karani wa chanjo alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakuinua macho.

"Kadi ya utotoni?"

"Ililiwa na mchwa," akasema Gramu.

"Basi utachomwa upya. Surua, pepopunda, homa ya ini, zote. Isipokuwa ya tetekuwanga, hiyo imeisha. Mzigo mpya unakuja mwezi ujao."

"Usaili wangu ni Jumatano ya wiki ijayo."

"Uliwahi kuugua tetekuwanga utotoni? Aliyewahi kuugua hahitaji chanjo yake. Sema ndiyo, tuendelee."

Mtu mwenye akili zake angesema ndiyo. Watu wanaapa uongo mbele ya hakimu kwa mambo makubwa kuliko vipele. Gramu akafikiri. Nikamkanyaga mguu.

"Dada yangu ananikanyaga," akasema, "lakini sikumbuki. Siwezi kuandikisha nisichokijua."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye kwanza. "Aliugua," nikadakia. "Mimi nakumbuka, nilikuwepo."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mtoto hamshuhudii mtoto. Nipe namba ya mzazi."

Akampigia Mama, akaweka sauti ya nje, akamwamkia vizuri, Mama akaitikia marahaba. Kisha akauliza: "Eti mama, huyu mwanao alipokuwa mdogo aliwahi kuugua tetekuwanga?"

Nilisikia sufuria ikichemka huko nyumbani.

"Ndui," akasema Mama. "Aliugua ndui huyo. Ndui hasa. Andika."

Karani akaandika, Gramu akashukuru, na mimi nikapumua. Sikushtuka hata kidogo. Wazee wengi, kila kinachotoa vipele wao wanakiita ndui, na karani mwenyewe naona njaa ilikuwa imemkamata. Tukaketi kwenye benchi, watu wengi tumebanana, tukingoja sindano.

Nusu saa haikupita, daktari akatokea mlangoni na faili mkononi.

"Ni nani hapa aliyeugua ndui?"

Gramu akanyoosha mkono, maana ameulizwa. Benchi likapata nafasi kulia na kushoto.

"Ndugu yangu," akasema daktari, kwa upole kabisa, "ndui ilitokomezwa duniani kabla wewe hujazaliwa. Ama mama yako amekosea neno, ama leo nina simu nyingi sana za kupiga."

"Mama yangu hana kawaida ya kukosea," akasema Gramu. Huyo ndiye ndugu yangu.

Daktari akavua miwani, akajisugua macho. Alisema sindano nyingine atachomwa baadaye, lakini faili lenye ndui yeye halifungi. Mama aje mwenyewe, aseme ilikuwa nini, lini, ilimchukua siku ngapi, atie sahihi. Asipokuja kabla ya wiki kwisha, faili linakwenda kwa wakubwa wake, na wakubwa wake hawana haraka.

Tukarudi nyumbani kumweleza Mama, pamoja na ile foleni ya miezi minane. Akasikiliza, akasema, "Haya." Jumanne goti likamuuma. Jumatano alikuwa na mgeni, ingawa huyo mgeni hakuna aliyemwona. Alhamisi gauni lake la kutokea halikuwa limekauka, na jua lilikuwa linachoma mpaka kwenye vigae. Gramu akakaa anasafisha mawe yake ya kupimia, ambayo hayakuwa machafu, na hakumwambia Mama neno. Anamwogopa. Mimi simwogopi. Ijumaa asubuhi nikaingia bila hodi.

"Mama, hilo goti utalibeba mgongoni au nikubebe mimi? Mjukuu wako anaiita simu baba! Simu, Mama!"

Akakishusha kikombe polepole. Akakaa. Halafu akasema, "Nipe viatu vyangu."

Kliniki ilikuwa imejaa. Daktari akamwamkia, akamvutia kiti.

"Mama, tuambie. Ilikuwa ndui, au tetekuwanga?"

Mama akamtazama Gramu, na Gramu akatazama sakafu.

"Tetekuwanga," akasema Mama. "Alikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Vipele vilianzia tumboni, vikapanda usoni. Alilala siku kumi na moja."

"Kumi na moja," akarudia daktari akiandika. "Usijali, mama. Watu wengi huyachanganya hayo majina."

"Ndiyo," akasema Mama. "Tunachanganya."

Akatia sahihi, kwa mwandiko wake wa kunyooka. Gramu akapelekwa kuchomwa, uso umempauka, na mimi na Mama tukatoka kungoja ukumbini. Ukutani palikuwa na bango la chanjo, kona moja imebanduka. Mama akaliendea, akailaza ile kona kwa kiganja, akalipangusa kwa ncha ya mtandio wake, na huku anapangusa anasoma kwa sauti ya chini, bila kufuata kwa kidole: surua, kifaduro, dondakoo, pepopunda, tetekuwanga.

Nikamsogelea.

"Mama. Hilo bango unalijua."

"Nimelipangusa miaka kumi na minane."

"Na la ndui?"

"La ndui lilibanduliwa mwaka nilioanza kazi. Nililikunja mwenyewe. Walisema ugonjwa umekwisha."

"Sasa kwa nini..."

"Nilitaka wiki mbili," akasema. "Nilidhani watamrudisha wiki mbili tu. Ya foleni ya miezi minane nilikuja kuisikia mmesharudi, na nikaona aibu kuligeuza neno langu."

Hasira zilinipanda, sitaki kudanganya. Miaka yote hiyo napita kila siku, nimebeba maji, nimebeba dawa za goti, na mwenye kuliliwa ni huyu wa mizani. "Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi si nipo?"

"Wewe upo," akasema. "Kama usingekuwepo, ningesema ana ukoma."

Nilitaka kukasirika zaidi, nikashindwa. Nikamshika mkono, tukaketi.

Gramu akatoka, mikono yote miwili imebandikwa pamba, anatembea kama amebeba ndoo mbili zilizojaa. Bahasha ilikuwa mezani kwa daktari, mlango wazi, mhuri bado haujapigwa. Akaketi kando ya Mama.

"Mama, siku kumi na moja? Una uhakika?"

Nilimkonyeza Mama. Hakuniangalia.

"Kumi na mbili," akasema. "Ila siku ya kumi na mbili ulikuwa umeshapona. Nilikuficha tu nyumbani. Niliomba ruhusa kazini, tukakaa."

Siku hiyo naikumbuka. Mimi nilipelekwa shule.

Gramu akageuza kichwa akautazama ule mlango ulio wazi. Namjua ndugu yangu. Fomu inasema kumi na moja, Mama amesema kumi na mbili, na daktari yuko hatua sita. Nikajiandaa kumrukia. Ndani mhuri ukagonga, mara moja, mara ya pili. Gramu hakuinuka.

"Kumi na moja," akasema, "iko karibu tu."

Akampa Mama mkono wake uliochomwa ajiinulie, tukaenda kuchukua bahasha.