Njia Tuliyoambiwa Tusiikanyage

Juzi nilishuka Kamsamba kwa mazishi ya shangazi, na kabla sijatua mkoba nikawaona: vijana wawili wenye fulana za kung'aa, wamesimamisha chombo chao cha miguu mitatu, droni ikivuma juu ya mbuga kavu. Wapima ramani. Moyo ukanipiga paa, na utu uzima wangu wote huu.

Ndugu yangu, nilipokuwa mtoto, kwetu kiangazi visima vilikuwa na chumvi. Chai haikunyweka, na wali wa bibi, hata ukishushiwa samaki mkavu wa Rukwa, ulikwaruza koo. Maji matamu yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ndogo katikati ya mawe, chini ya mlima. Basi wakaja wapimaji wa kwanza, wakipanda vigingi vya zege na kuuliza kila njia inaelekea wapi. Mwalimu alituambia ramani ni maendeleo. Bibi hayo hayakumwingia. "Anayeanza kwa kuchora shamba lako," alisema, "ataishia kukuonyesha mpaka wake."

Walipomuuliza maji yanatoka wapi, aliwapeleka mwenyewe, kwa adabu zote, akiwafuatisha njia ya ng'ombe hadi kwenye kidimbwi cha chumvi. Wakachora. Walipoondoka akakata matawi ya mgunga, akaiziba njia ya chemchemi kama anavyoziba zizi. Kisha akatupa sheria sisi watoto wa ndoo: asipite mtu alipopita mwenzake, ardhi isije ikashika alama. Tulitawanyika kwenye nyasi tukiitana kama kanga. Raha ilikuwepo, sikatai, ila tangu hapo kila mgeni namtazama viatu kwanza.

Barabara ilikuja kupita pale pale bibi alipodanganya. Watu wakahamia kandokando yake, bomba likaja, bibi akafariki, na sisi tukatawanyika kweli, wengine Tunduma, wengine ng'ambo ya mpaka.

Baada ya mazishi nilienda kuitafuta chemchemi. Nilizunguka mawe yale mpaka jua likapinda. Sikuiona. Wakati wa kurudi, kijana mmoja akanisogelea.

"Shikamoo mama. Huko ulikotoka hakuna chanzo cha maji? Tungekiweka kwenye ramani, kisije kikasahaulika."

Nikamtazama viatu.

"Hakuna, mwanangu."

Akashukuru, akaandika. Nikaenda zangu, mbigiri zimening'ang'ania sketi, machozi yakinitoka, maana sikujua kama nimemdanganya au nimemwambia kweli.