Nilisoma Mfuniko, Sikusoma Unga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kupiga chafya. Hilo lilikuwa agizo la kwanza, kabla hata sijaulizwa jina. Msimamizi wa chumba cha kupakia, mama mmoja wa Tanga ambaye sote tulimwita Bi Msimamizi hata tukikutana naye msibani, alinikabidhi kitambaa cha kichwa, kitambaa cha kufunga mdomo na mwiko wa bati, akasema atakayepiga chafya mbele ya maziwa atatoka nje na hatarudi. Nilidhani anatania. Kabla ya saa nne asubuhi msichana mmoja alishapiga chafya, na alishatoka.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la jumla pale Kariakoo, nasi tulikuwa wapakiaji wa maziwa ya unga. Hakikuwa na feni. Ninyi vijana wa viyoyozi mtauliza ubahili gani huo. Feni ikiwashwa unga unaruka, na madirisha yakifunguliwa wakati wa masika unga unavuta unyevu na kuganda vipande vipande. Kwa hiyo tulifunga kila kitu tukatoka jasho. Jasho nalo lilikuwa na sheria yake: lifutwe kwa mkono wa gauni, kamwe si kwa kiganja. Kiganja kilikuwa chombo cha kazi, kinaoshwa na kukaushwa kila baada ya mfuko mmoja.

Nieleze kazi yenyewe. Maziwa yalikuja katika mifuko ya karatasi nzito, kilo ishirini na tano kila mmoja. Tuliyamimina kwenye mapipa safi ya plastiki, tukayapima kwa mizani, nusu kilo au robo, kisha tukafunga vifuko kwa kichuma cha moto kinachobana nailoni. Mapipa yalikuwa matatu. Lenye mfuniko wa bluu lilikuwa na maziwa kamili, yaani yaliyoondolewa maji tu, mafuta yake yakabaki. Lenye mfuniko mweupe lilikuwa na maziwa yaliyoenguliwa mafuta. Lenye mfuniko mwekundu lilikuwa na krima, ambayo si maziwa hata kidogo: ni mafuta ya mimea na sukari vilivyokaushwa ili chai ing'are. Ukiweka vitu hivyo vitatu mezani, macho hayatakusaidia.

Bi Msimamizi alinifundisha wiki ile ile. Unaosha mkono, unaukausha, unachota unga kijiko kimoja, unaufinya kwenye kiganja kisha unafungua vidole. Maziwa kamili yanashikana kama tonge dogo la ugali, kwa sababu ya mafuta yake. Ya kuenguliwa yanavunjika. Krima inakimbia kati ya vidole kama mchanga wa ufukwe wa Coco. "Mfuniko unasema ulichoambiwa," aliniambia. "Unga unasema ulivyo." Niliitikia ndiyo, kama wanavyoitikia vijana wote wanaotaka mkubwa anyamaze.

Mwenye duka alikuwa Mzee Massawe, mtu wa Kilimanjaro aliyependa kuitwa Mkurugenzi ingawa duka lilikuwa na mlango mmoja. Alikuwa mkali lakini si mbaya. Aliuza maziwa ya unga maisha yake yote na aliyadharau maisha yake yote. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe wa kihamba cha baba yake, yaani shamba la nyumbani, basi chai yetu ya saa nne aliinywa amekunja uso kama mtoto aliyepewa muarobaini. Kila siku alisema chai mbaya, na kila siku aliimaliza.

Mimi sikuwa na ng'ombe wa kuringia. Kwetu ni mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na tulikuwa tisa. Mama alikuwa akinunua maziwa mabichi asubuhi, mchana yameshachacha, na friji tuliliona kwa jirani tu. Nilipoanza kazi nikamletea unga. Alinisimanga wiki nzima kwamba nimeleta chokaa, mpaka nilipomwonyesha namna. Usimwagie unga maji yanayochemka, utapata madonge. Anza na maji ya uvuguvugu kidogo, koroga uwe uji mzito, ndipo uongeze mengine. Changanya yale utakayokunywa tu, kopo lifunikwe, na kijiko kiwe kikavu. Akiba yote iko hapo: hutupi kitu. Siku ya wageni unaweza kuchanganya nusu yake na nusu ya mabichi, na hakuna atakayejua. Mama aliwapa hivyo wakwe zangu siku ya posa, wakasifu ng'ombe wetu.

Lakini kubana matumizi kuna mitego yake, na wahenga walishasema rahisi ni ghali. Wapo waliokuja kuomba krima kwa sababu bei yake iko chini, wakidhani wamebana, wakaenda kuikorogea watoto uji. Nilipohamishiwa kaunta, miaka mitano baadaye, nikawa nawafundisha wateja wangu kiganja. Mzee Massawe aliniita pembeni akaniuliza kwa upole wenye miba kama ninawafunza watu kumkamata mwajiri wangu. Nikamwambia ninawafunza kununua cha bluu, yaani kifuko cha maziwa kamili. Akaguna, akaondoka.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Bi Zuhura, muuza maandazi wa Kigamboni. Binti yake alifariki akamwachia mtoto mchanga, Rehema. Nilipomfahamu, mtoto alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, hasimami, miguu kama vijiti vya mishikaki. Kliniki walimwambia Bi Zuhura uji wa mtoto utiwe maziwa kamili kila siku, bila kukosa. Maziwa mabichi ya kila siku hakuyaweza kwa mfuko wake. Ya unga aliyaweza. Nilimfundisha kiganja siku ya kwanza pale pale kaunta, nikamwambia, "Mama, ukifinya yakakimbia, rudisha. Hata kama mimi ndiye nimekuuzia." Akacheka. Baada ya miezi miwili alikuja kunipa habari kwamba Rehema ameshika kiti akasimama.

Bi Msimamizi alipostaafu akarudi Tanga, nafasi yake nikapewa mimi. Hapo ndipo nilipoharibu. Cheo kilinipanda kichwani. Nikaona kiganja changu ni cha msimamizi sasa, kisiingie tena kwenye unga. Kazi yangu ni kuangalia rangi za mifuniko na kunyoosha kidole. Jumamosi moja tulifanya usafi mkubwa, mifuniko yote ikaoshwa na kuanikwa uani. Jioni niliirudisha mwenyewe, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na harusi ya kwenda. Wa bluu nikauweka kwenye krima. Mwekundu nikauweka kwenye maziwa kamili.

Jumatatu tukapakia. Nilipita, nikaona bluu, nikaridhika. Bi Zuhura alikuja siku hiyo hiyo, nikamhudumia mwenyewe kwa heshima, nikampa nusu kilo na salamu za kumpelekea Rehema. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye maandazi yake.

Jumanne saa nne tukaleta chai, iliyotiwa maziwa kutoka pipa la bluu. Mzee Massawe akapiga funda la kwanza. Akatazama ndani ya kikombe. Akapiga la pili.

"Mwanahawa," akasema, "leo chai nzuri sana. Mmeweka nini?"

Miaka yote ile hajawahi kuisifu. Niliacha sinia pale pale nikaenda kwenye pipa, nikaosha mkono, nikakausha, nikachota na kufinya. Nilipofungua vidole, unga ulikimbia wote. Nikarudia, kama vile mara ya pili kiganja kingenihurumia. Haikusaidia.

Nilimwambia Mkurugenzi ukweli wote, na harusi nikaitaja. Hakunitukana. Maduka mawili ya mtaa wetu yaliyochukua vifuko vya Jumatatu tuliyafikia kwa miguu, vifuko vikarudi vyote, na mmoja wa wenye maduka alinicheka mpaka akakaa chini. Kilichobaki ni kifuko kimoja tu, kilikuwa Kigamboni, na Bi Zuhura hakuwa na simu.

"Chukua cha bluu cha kweli uende," Mzee Massawe aliniambia. "Usirudi na habari nusu. Yule mtoto akidhurika, chumba hiki nitakifunga kwa mkono wangu."

Krima si sumu, najua. Mtu mzima ataweka kwenye chai yake asijue. Lakini mtoto aliyeambiwa maziwa ndiyo dawa yake, ukimpa mafuta na sukari siku baada ya siku, unamrudisha alikotoka huku bibi yake akiamini anamjenga. Hilo lilikuwa likinizunguka kichwani pale Magogoni nikisubiri pantoni ya kuvukia Kigamboni. Niliwachukia abiria wote kwa kuwa hawana haraka. Nilimchukia hata muuza karanga. Majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu mwenyewe alikuwa na jina.

Ng'ambo ya pili niliulizia nyumbani kwa Bi Zuhura muuza maandazi. Jirani yake, mama aliyekuwa anachambua mchicha, akanionyesha mlango uliofungwa. Nikauliza Bi Zuhura yuko wapi. Akasema amempeleka mtoto kliniki tangu asubuhi.

Sikuuliza kwa nini. Niliogopa kujibiwa. Nilikaa barazani na kifuko changu mapajani, na ninawaambia bila aibu, niliomba dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine nilizotunga mwenyewe. Nilimwahidi Mungu kwamba nikinusurika na hili, sitasimamia kitu ambacho mkono wangu haujakigusa. Yule jirani alinipa maji. Nadhani alifikiri ninadai pesa, maana aliniangalia kwa jicho baya.

Bi Zuhura alitokea adhuhuri, mtoto mgongoni. Aliponiona alishangaa, kisha akafurahi, na mimi nikasahau hata kumwamkia. Nilimuuliza mtoto ana nini.

"Ana nini tena? Leo siku ya mzani," akasema. "Ameongezeka, mwanangu. Muuguzi kapiga makofi."

Nikamuuliza kuhusu kifuko cha jana. Akafungua mlango, akaingia, akarudi nacho. Kilikuwa kimefunguliwa, kikafungwa tena kwa mpira, na kilikuwa kimejaa.

"Nilifinya kama ulivyonifundisha," akasema. "Ukakimbia. Nikafinya tena, ukakimbia. Nikasema huyu Mwanahawa leo kanipa kitu gani? Nikaazima vijiko vya maziwa ya unga kwa jirani, na wewe nilikuwa nakuja kukugombeza Ijumaa."

Jirani wa mchicha akaitikia kwamba ni kweli, amemwazima, na hajarudishiwa.

Nililia pale barazani mbele ya watu. Nililia kwa furaha, na Bi Zuhura badala ya kunigombeza akaanza kunibembeleza. Rehema aliteremshwa akasimama mwenyewe, akaja hatua tatu, akashika magoti yangu. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko kile.

Niliporudi Kariakoo nilimsimulia Mkurugenzi kila kitu, mpaka vijiko vya jirani, ambavyo alisema virudishwe kwa gharama ya duka. Kisha akaomba chai.

"Ile ya kawaida," akasema. "Ile mbaya."

Kesho yake rangi ziliondolewa kwenye mifuniko. Jina likaandikwa ubavuni mwa pipa, mahali ambapo lisingevuliwa wala kuhama likioshwa, na kila asubuhi msimamizi alifinya kwanza mbele ya wenzake. Na kaunta, kwa amri ya mtu yule yule aliyeguna, kila mteja mpya alifundishwa kiganja kabla ya kupewa mzigo. Tulidhani tutapoteza wateja. Waliongezeka.

Mzee Massawe alipochoka akarudi kwenye kihamba chake na ng'ombe wake, duka likachukuliwa na Bwana Nasser, wa ukoo wa Waarabu waliofanya biashara mjini tangu babu zao. Yeye alileta mashine inayopima na kufunga yenyewe. Vijana wake walinicheka kwa kuosha mkono mbele ya mashine. Bwana Nasser hakucheka. Alikuja siku moja akaniambia, "Mama, nifundishe na mimi," akakunja mikono ya kanzu. Alifinya mara ya kwanza akamwaga unga wote kifuani. Chini yake nilifanya kazi mpaka nikastaafu, na siku ya kuniaga walinipa jagi la chai na mfuko mzima wa kilo ishirini na tano. Wa bluu, kama tulivyoendelea kuyaita maziwa kamili. Nilifinya kabla ya kushukuru, wakacheka wote.

Sasa niko nyumbani, Gerezani ile ile, mabasi ya mwendokasi yanapita nje. Pensheni si nyingi, na kopo la unga bado linanisitiri. Chai yangu ya asubuhi naikoroga kama nilivyomfundisha mama, na ninaimaliza. Vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwa na ujuzi gani, kupakia unga tu, huwa siwajibu moja kwa moja. Nawaambia waoshe mikono.

Mwezi uliopita Rehema alikuja kunitembelea. Ni mwanamke mzima sasa, mrefu kuliko mimi, bibi yake ametangulia mbele ya haki. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniambia nikae, chai atapika yeye. Kutoka nilipokaa nililiona jiko. Nilimwona anaosha mkono, anaukausha kwa upindo wa kanga. Akafungua kopo langu, langu mimi Mwanahawa niliyefanya kazi hii miaka yote, akachota kijiko, akafinya. Akafungua vidole, akaangalia vizuri.

Kisha akaukoroga, akautia kwenye chai.